Damu ikishatoka mwilini ni mali ya nani?

HEBU msomaji jitie katika hali hii. Umeamka na homa, umepanga foleni katika zahanati tangu asubuhi, na hatimaye jina lako limeitwa. Muuguzi anakufunga mpira mkononi, anapapasa mshipa, anachoma sindano na kujaza kichupa kimoja cha damu. Anakibandika karatasi yenye jina lako, anakipanga pamoja na vingine, nawe unaambiwa ukae kwenye benchi ungoje majibu. Jioni unarudi nyumbani na dawa zako. Kichupa umekwisha kukisahau.

Je, umewahi kujiuliza kichupa hicho huishia wapi? Aghalabu damu inayosalia baada ya kupimwa hutupwa, na huo ndio mwisho wake. Lakini zama zimebadilika. Tumo katika zama za bayoteknolojia, yaani ufundi wa kutumia viumbe hai na chembechembe zao kutengeneza dawa, chakula na bidhaa nyinginezo. Siku hizi tone moja la damu linaweza kusomwa kama kitabu. Linaweza kueleza baba yako ni nani, ukoo wako ulitoka wapi na ni maradhi gani huenda yakakujia uzeeni. Linaweza kuwa chanzo cha dawa ya kuponya maelfu ya watu, na pia chanzo cha utajiri wa watu usiowajua wala wao hawakujui.

Wakenya wengi wakisikia habari za bayoteknolojia hufikiria mahindi. Si ajabu, kwa maana serikali ilipiga marufuku vyakula vilivyobadilishwa jeni mnamo Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na mzozo ukafikishwa mahakamani. Kuna upande mwingine, hata hivyo, ambao hauzungumzwi sana nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Upande huo unahusu mwili wa binadamu na uhuru wake. Swali lenyewe ni rahisi, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kulielewa: huyu anayetolewa damu, au anayebadilishwa jeni, aliulizwa? Na kama aliulizwa, alikuwa na uwezo wa kusema la?

MAMA ALIKUFA, SELI ZIKABAKI

Tuanze na kisa cha mama mmoja Mmarekani mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks. Alikulia katika mashamba ya tumbaku jimboni Virginia, akaolewa, akahamia karibu na jiji la Baltimore na kujaliwa watoto watano. Mapema mwaka wa 1951 alifika katika hospitali ya Johns Hopkins akilalamika kwamba anahisi uvimbe ndani ya mwili wake na anatokwa na damu. Wakati huo watu weusi walilazwa katika wodi zao mbali na wazungu. Madaktari wakagundua kuwa mama huyo ana saratani ya mlango wa kizazi.

Walipokuwa wakimtibu walikata vipande vidogo vya nyama, wakavipeleka katika maabara. Hakuambiwa wala hakuombwa ruhusa. Mnamo Oktoba 4, 1951, Bi Lacks alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake hazikufa.

Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wamejaribu kwa miaka mingi kukuza seli za binadamu nje ya mwili, nazo zilikufa baada ya muda mfupi. Seli za mama huyu zilikuwa tofauti. Ziliongezeka maradufu karibu kila siku na hazikukoma. Zikapewa jina la HeLa, herufi mbili za mwanzo za majina yake yote mawili. Zilitumiwa kupima chanjo ya polio, zikapelekwa anga za juu, zikatumiwa katika utafiti wa saratani, Ukimwi na maradhi mengine chungu nzima. Kampuni zikawa zinazikuza na kuziuza. Hadi leo maabara kote duniani zinazitumia.

Jamaa zake hawakujua lolote hadi miaka ya sabini, zaidi ya miaka 20 baada ya mazishi, wanasayansi walipowaendea wakitaka damu yao pia. Hebu fikiria unaambiwa kwamba sehemu ya mwili wa mama yako aliyezikwa ingali hai na inauzwa kwa vichupa! Mwaka wa 2013 watafiti walichapisha ramani nzima ya jeni za seli hizo, tena bila idhini ya jamaa. Baada ya malalamiko, taasisi kuu ya afya ya Marekani ilikubaliana na familia hiyo kwamba wajumbe wake washiriki katika kuamua nani aruhusiwe kuisoma ramani hiyo. Mnamo Agosti 2023 warithi wa Bi Lacks walifikia mapatano nje ya mahakama na kampuni ya Thermo Fisher, ambayo walikuwa wameishtaki mwaka wa 2021 kwa kujitajirisha kutokana na seli hizo. Masharti ya mapatano hayo hayakutangazwa.

Kuna watakaosema: mbona tulalamike, ilhali seli hizo zimeokoa watoto wengi kutokana na polio, pengine hata jamaa za hao wanaolalamika? Hoja hiyo ina uzito wala haifai kupuuzwa. Lakini haijibu swali letu. Kumwuliza mama yule kungewachukua madaktari dakika chache tu. Wala haiwezi kusemwa kwamba ulimwengu haukujua jema na baya. Miaka minne kabla, mnamo 1947, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Ujerumani ya Hitler kwa unyama waliowatendea wafungwa ilikuwa imeandika kanuni mjini Nuremberg. Kanuni ya kwanza kabisa ni kwamba majaribio yasifanyiwe binadamu bila ridhaa yake ya hiari. Kanuni iliandikwa, lakini haikufika katika wodi ya Henrietta Lacks.

DAMU YA ZIWANI NA PWANI

Pengine utasema hayo ni ya Marekani. Basi turudi nyumbani.

Msomaji huenda unamjua mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Jina lenyewe linajieleza. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Chembe hizo hunasa katika mishipa midogo na kumletea mtoto maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na hata kifo. Mtoto huugua akirithi jeni hiyo kutoka kwa baba na mama. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, yeye haugui, na tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Siri hiyo ya kinga ilifumbuliwa kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki. Mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchini mwaka wa 1949 akikusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba jeni ya selimundu imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria ambako mbu ni wengi, ilhali katika nyanda za juu ni adimu. Mwaka wa 1954 alichapisha matokeo ya utafiti zaidi. Miongoni mwake kuna jaribio ambalo wanafunzi wa bayolojia husimuliwa mara chache. Wanaume 30 wa jamii ya Waluo waliambukizwa malaria makusudi. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni ya selimundu, 14 walipata malaria. Kati ya 15 waliokuwa nayo, waliopata ni wawili tu.

Ripoti inasema watu hao walijitolea. Huenda ni kweli, na huenda walitibiwa vyema. Lakini tujiulize, ndugu msomaji: katika nchi iliyokuwa koloni la Mwingereza, Mwafrika akiombwa na bwana daktari mzungu atoe mkono wake, angewezaje kukataa bila wasiwasi? Neno "ndiyo" lina maana pale tu ambapo anayeulizwa anaweza kusema "hapana" kisha aende zake salama. Hili halihusu wakoloni peke yao. Mgonjwa maskini anayemtegemea daktari kwa dawa, mfungwa mbele ya askari, mwanafunzi mbele ya mwalimu wake, wote wanaweza kutikisa kichwa kukubali huku moyo ukikataa.

Maarifa yale yalikuwa kati ya mawe ya msingi wa elimu ya jeni. Leo nyumba imejengwa. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza duniani inayotumia ufundi wa kukata na kurekebisha jeni, na mwezi uliofuata Marekani nayo ikaiidhinisha. Inaitwa Casgevy. Tiba hiyo ni ya selimundu na ugonjwa mwingine wa damu unaofanana nao. Madaktari huchukua seli za mgonjwa mwenyewe zinazozaa damu, wakazirekebisha katika maabara ili mwili uanze tena kutengeneza damu ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake. Kisha uboho wake husafishwa kwa dawa kali kama zile za saratani, na seli zilizorekebishwa hurudishwa mwilini. Wagonjwa waliokuwa wakilazwa hospitalini kila mara wamekaa mwaka mzima na zaidi bila maumivu yale makali.

Ni habari njema kweli kweli. Bei je? Nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, takriban Sh280 milioni. Mzazi wa Siaya au Kilifi, ambaye huenda babu yake alitoa damu kwa watafiti bila malipo, atabaki kuisoma tiba hiyo gazetini. Hapa pana upande wa pili wa uhuru. Mtu hawi huru kwa sababu tu ana ruhusa ya kukataa. Lazima pia awe na uwezo wa kukubali lile linalomfaa. Wanaokuja kuchukua damu zetu kwa utafiti hawana budi kuulizwa mapema, kabla sindano haijachomwa: dawa ikipatikana, itatufikia vipi?

WACHUMBA WAPIMWE KWA LAZIMA?

Suala hili la selimundu lina upande unaowagusa vijana wa vyuo moja kwa moja. Wachumba wawili wenye jeni moja moja, wote wazima kama chuma, wakioana, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Nchini Nigeria baadhi ya makanisa huwataka wachumba walete matokeo ya kipimo hicho kabla ya kufungishwa ndoa, na yako yanayokataa kuwaozesha wakipatikana wote wana jeni hiyo.

Je, hilo ni jema? Kupima ni jambo la busara, na mwandishi huyu anawahimiza vijana wapimwe mapema, hata kabla mapenzi hayajakolea. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuamuliwa ni kitu kingine. Wachumba waliokwisha kuelezwa hatari hiyo wanaweza kuamua kuachana, kuoana bila kuzaa, kupanga uzazi wao kwa ushauri wa daktari, au kuoana wakiwa tayari kumlea mtoto yeyote watakayejaliwa. Uamuzi wowote kati ya hayo ni mzito, nao ni wao. Kasisi, mzazi au serikali ikiwaamulia kwa sababu ya karatasi ya maabara, karatasi hiyo imegeuka kuwa pingu.

SERIKALI ILIPOTAJA DNA

Wengi wenu mnakumbuka foleni za Huduma Namba za mwaka wa 2019. Wasichokumbuka wengi ni kwamba marekebisho ya sheria ya kuwasajili watu, yaliyoanza kutumika Januari mwaka huo, yalikuwa yameiweka DNA katika orodha ya maelezo ambayo serikali ingeweza kukusanya, pamoja na alama za vidole, sauti, mboni za macho na hata umbo la ndewe za masikio. Si ya mshukiwa wa uhalifu aliyeshikwa, bali ya kila mwananchi, nyanya wa kijijini na mtoto wa shule wakiwemo.

Shirika la Nubian Rights Forum, Tume ya Haki za Binadamu ya kitaifa na wengine walikimbilia Mahakama Kuu. Aprili 2019 mahakama iliamuru kwa muda kwamba DNA isichukuliwe na watu wasilazimishwe kujisajili. Mnamo Januari 30, 2020, majaji watatu walitoa uamuzi. Walisema kuwa kukusanya DNA pamoja na maelezo ya mahali mtu anapoishi kwa njia ya setilaiti ni kuingilia mno maisha ya watu bila sababu ya kutosha, na ni kinyume cha Katiba. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa bila sababu kutoa habari za familia yake na maisha yake ya siri.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kitambulisho kikipotea utapewa kingine. Nambari ya siri ya benki ikijulikana utaibadilisha. DNA haibadilishwi. Ikishawekwa katika kompyuta ya serikali, itakaa humo chini ya serikali hii unayoiamini, na pia chini ya ile itakayokuja ambayo hukuichagua. Katika nchi ambayo watu wamewahi kuuana kwa sababu ya ukabila, orodha inayosoma nasaba ya kila mtu si kitu cha kuchezea.

SIRI YA MMOJA, SIRI YA UKOO

Wako wanaosema: mimi sina la kuficha, acha wachukue yangu. Tatizo ni kwamba DNA yako si yako peke yako. Nusu ni ya mama yako na nusu ya baba yako. Unachangia sehemu kubwa yake na ndugu zako na watoto wako.

Kisa cha kampuni ya Marekani iitwayo 23andMe kinalionyesha jambo hili. Mamilioni ya watu waliilipa pesa na kuitumia mate yao ili waelezwe asili yao na maradhi wanayoweza kupata. Mwaka wa 2023 wezi wa mitandao waliingia katika akaunti kama 14,000 hivi. Lakini kwa kuwa wateja walikuwa wameunganishwa na jamaa zao ndani ya mtandao huo, wezi walifikia habari za watu takriban milioni 6.9. Mlango wa mmoja ulifungua nyumba ya ukoo mzima. Machi 2025 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika, na habari za wateja zikawa miongoni mwa mali iliyotafutiwa mnunuzi. Watu waliotuma mate yao kwa kampuni moja wakajikuta wakisubiri kujua mikono itakayoyapokea.

Hapa kwetu kipimo cha DNA kinajulikana zaidi kwa ugomvi wa nani baba wa mtoto. Wakati mwingine ni lazima, hasa mahakamani mtoto anapodai matunzo yake. Lakini baba anayemfuta mtoto mate kwa pamba usiku, mama akiwa amelala, ajue kwamba anafungua kitabu ambacho hataweza kukifunga tena. Mtoto yule hakuulizwa, na ndiye atakayeishi na jibu.

MAPACHA WA CHINA

Tumemtaja asiyeulizwa, aliyeulizwa bila kuwa huru, na anayeamriwa. Amebaki mmoja, naye ni yule asiyeweza kuulizwa kwa sababu hajazaliwa.

Mwaka wa 2012 wanasayansi Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza njia ya kukata jeni mahali maalumu, kama fundi cherehani anayekata uzi mmoja bila kuharibu nguo. Njia hiyo inaitwa CRISPR, nayo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020. Ndiyo iliyozaa ile tiba ya selimundu. Mgonjwa wa selimundu anayetibiwa hivyo huyabeba mabadiliko mwilini mwake mwenyewe, na akifa yanakufa naye. Lakini mkasi huohuo ukitumiwa kwenye kiinitete, yaani mimba ikiwa bado seli chache tu ndani ya maabara, mabadiliko huingia katika kila sehemu ya mwili wa mtoto, na huenda yakarithiwa na wanawe, wajukuu na vitukuu.

Novemba 2018 mwanasayansi Mchina He Jiankui alitangaza kwamba amelifanya jambo hilo. Wasichana pacha, aliowaita kwa majina ya kupanga Lulu na Nana, walikuwa wamezaliwa baada ya yeye kujaribu kuharibu jeni inayotumiwa na virusi vya Ukimwi kuingia katika seli. Baba yao alikuwa na virusi hivyo, mama hana. Ulimwengu mzima ulishtuka. Kwanza, kuna njia ya kuosha mbegu za baba inayomwezesha kupata mtoto asiye na virusi bila kugusa jeni yoyote. Pili, kukosa jeni hiyo kunaweza kumfanya mtu aumwe vibaya zaidi akipatwa na maradhi mengine, kama homa ya virusi vya West Nile. Tatu, fomu waliyotia saini wazazi iliuita mpango huo utafiti wa chanjo ya Ukimwi. Mnamo Desemba 2019 mahakama ya China ilimhukumu He kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuan milioni 3. Mtoto wa tatu alikwisha kuzaliwa kwa njia hiyohiyo.

Mzazi mmoja anaweza kuuliza: kwani sisi hatuwaamulii watoto wetu kila siku? Tunawapa majina, dini, shule na chanjo bila kuwauliza. Ni kweli, na ulezi hauwezekani bila hivyo. Lakini pima tofauti. Mtoto asiyelipenda jina lake atalibadilisha akiwa mtu mzima. Shule ataiacha, na dini ataihama akitaka. Chanjo anayopewa imekwisha kujaribiwa kwa watu wengi, tena humkinga na hatari inayomkabili leo. Jeni iliyokatwa kabla hajazaliwa hataweza kuirudisha. Leo mkasi unatafuta Ukimwi. Kesho mwenye pesa atataka mtoto mrefu, mweupe, hodari wa hesabu. Mtoto atakayezaliwa kwa oda kama kochi la sebuleni atapata wapi nafasi ya kuwa yeye?

KUULIZA SI UJINGA

Msomaji asidhani kwamba makala haya yanamtaka aogope sindano au amfukuze mtafiti mlangoni. La hasha! Bila waliojitolea tusingekuwa na chanjo wala dawa za kurefusha maisha. Watafiti wengi nchini ni waaminifu, na wanahitaji watu wa kushirikiana nao. Wanachohitaji ni washiriki walioelewa, waliokubali kwa hiari.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe na atoe idhini kabla ya kuhudumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa miongoni mwa zile nyeti zinazolindwa kwa uangalifu zaidi, na kuna Kamishna wa Data wa kupokea malalamiko yako. Utafiti wowote unaohusu watu hupaswa kupitishwa na kamati ya maadili kabla haujaanza.

Kwa hivyo siku utakapoombwa damu, mate au nywele zako, au za mwanao, kwa ajili ya utafiti, usitie saini kwa haraka ati kwa sababu foleni ni ndefu. Uliza. Sampuli hii itatumiwa kwa jambo gani, na je, inaweza kutumiwa kwa jingine baadaye? Itahifadhiwa wapi, itatoka nchini? Jina langu litaandikwa juu yake? Mkigundua ugonjwa ndani yake, mtaniambia? Kamati gani ya maadili imeukubali utafiti huu? Faida ikipatikana, jamii yetu itapata nini? Na la muhimu kuliko yote: nikikataa, au nikibadilisha nia kesho, je, nitaendelea kutibiwa kama kawaida? Mtafiti wa kweli atayajibu yote hayo kwa lugha unayoielewa. Anayekukasirikia kwa kuuliza amekwisha kukujibu.

Nyumbani, wazungumzie wanao mambo haya kama unavyowazungumzia barabara na moto. Wao ndio watakaoishi katika ulimwengu ambamo jeni hukatwa na kushonwa kama kitambaa, na miongoni mwao watatoka madaktari watakaoshika huo mkasi. Wakikua wakijua kwamba mwili wa mtu hauguswi kabla hajaulizwa, watakumbuka siku watakapovaa koti jeupe.

Basi siku nyingine muuguzi akikufunga mpira mkononi, mwamkue, mpe mkono wako, kisha mwulize kwa upole kichupa kile kinakwenda wapi. Henrietta Lacks hakuipata nafasi hiyo. Wewe unayo.